Honi Inatokea Upande Gani?

Msikilizaji, mwezi uliopita mafua yaliniziba sikio la kushoto. Nilikuwa kando ya barabara nangoja kuvuka, mara honi ya bodaboda. Niliisikia vizuri kabisa, ila sikujua inatokea wapi. Nikageukia kulia. Kumbe pikipiki iko kushoto, ikanipita karibu hadi kanga ikapepea.

Jicho lina raha yake: mwanga wa huku huangukia sehemu hii, wa kule sehemu ile. Sikio halina bahati hiyo. Jogoo, mtoto anayelia, mchi kinuni, vyote hupita tundu lile lile na kutikisa ngoma ile ile. Upande sauti ilikotoka, ubongo ndio unaoupigia hesabu.

Sauti ya kushoto hufika sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia. Hata ikitokea ubavuni kabisa, muda unaopita kati ya masikio mawili haufiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kope haijaanza hata kushuka, na ubongo umeshaupima! Tena kichwa chenyewe hukinga sauti nyembamba, sikio la mbali likazipata zimefifia. Njia hizi mbili alizieleza mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, mwaka 1907.

Juu na chini ni kazi ya mikunjo ya sikio la nje. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi waliwabadilisha watu mikunjo hiyo kwa vipande vilivyofinyangwa kutoshea masikioni. Papo hapo watu wakashindwa kujua sauti iko juu au chini. Waliendelea kuvivaa, na baada ya wiki kadhaa ubongo ukayazoea masikio mapya. Vilipoondolewa, ujuzi wa zamani ulikuwepo vile vile. Mimi hilo linanistaajabisha kuliko yote.

Kwa kuwa kushoto na kulia hupimwa kwa masikio mawili, naumia nikisikia mzazi akisema, mtoto anatoka usaha sikioni, lakini si ana lingine? Hilo lingine litamwezesha kusikia, ila kumwonyesha upande litahangaika. Mwangalie akiitwa uwanjani: anasikia jina lake, anasimama, anazungusha kichwa huku na huku kumtafuta anayemwita, na wenzake wanamcheka kuwa mzubaifu. Mtoto huyo si mzubaifu. Mpeleke hospitali wapime masikio yote mawili, na mkifika barabarani, mshike mkono.