Aliyeachwa Nje ya Picha

Somo: 1 Samweli 16:1-13 na Mathayo 1:1-17

Huenda wengine wenu mnakunywa chai, na wengine mnajitayarisha kwenda shambani au kazini. Kabla hamjatoka, nawaomba mtazame ukutani. Katika nyumba nyingi za kwetu hapakosi picha ya zamani ndani ya fremu ya kioo: baba na mama siku ya arusi, mtoto siku ya ubatizo, wazee wa kanisa wamesimama mbele ya jengo jipya la mabati. Itazame picha hiyo, kisha ujiulize swali moja tu: Ni nani asiyeonekana hapa?

Nitaanza mbali kidogo, halafu nitarudi nyumbani kwetu.

Katika nchi ya Marekani kuna jimbo liitwalo Nebraska. Mwaka 1862, wakati wa Rais Abraham Lincoln, serikali ya huko ilitunga sheria kwamba mtu aweza kupewa ekari 160 za ardhi, mradi akae juu yake na kuilima kwa miaka 5. Watu wengi wakahamia huko. Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyeji wake, nao walisukumwa kando. Jambo hilo sisi watu wa Kenya hatuhitaji kuelezwa sana. Katika wilaya moja iitwayo Custer wahamiaji hao walikuta nyasi tupu na miti michache sana. Mbao za kujengea hazikupatikana kwa urahisi. Basi walikata ardhi kwa plau, wakapata mabonge ya udongo yaliyoshikamana kwa mizizi ya nyasi, wakayapanga kama matofali, wakajenga nyumba. Kuta zilikuwa nene, nyumba ikawa na joto wakati wa baridi. Lakini mvua ikinyesha, paa lilivuja maji ya matope juu ya vitanda na vyombo.

Mwaka 1886 mtu mmoja aitwaye Solomon Butcher alianza kuzunguka wilaya hiyo kwa gari la farasi, amebeba kamera na vioo vya kupigia picha. Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu kilimo akashindwa. Akaenda boma kwa boma, akiwaomba watu watoke nje wasimame mbele ya nyumba zao. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, akapiga picha zaidi ya 3,000. Mwaka 1899 nyumba yake iliungua moto, lakini vile vioo vya picha vilisalimika. Hata leo vimehifadhiwa katika jimbo hilo, na mtu aweza kuona maisha ya watu wale wa mashambani kana kwamba ni jana.

Ukizitazama picha hizo utaona jambo la ajabu. Watu walitoa nje kila kitu kizuri walichokuwa nacho. Familia moja ilitoa meza, wakakata tikiti maji, wakakaa kulila mbele ya kamera. Wengine waliwaleta farasi wao wasimame mstarini pamoja na watoto. Iko picha ya mwaka 1887 ya mtu mweusi aitwaye Jerry Shores, ambaye zamani alikuwa mtumwa. Yupo pamoja na jamaa yake, na nyumba ya udongo iko wazi nyuma yao. Mtu aliyekuwa mali ya mtu mwingine sasa yuko penye nyumba yake mwenyewe! Na iko picha nyingine inayogusa moyo: baba, mama na watoto wamekusanyika kando ya kaburi dogo. Mtoto wao alikufa akiwa na miezi 19. Hawakukubali picha ya jamaa ipigwe bila yeye.

Lakini nataka mwikumbuke zaidi picha ya familia ya Hilton. Mama wa nyumba hiyo alikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, cha namna ile mnayoiona katika makanisa yetu ya zamani. Alitamani sana rafiki zake wa mashariki, kule alikotoka, wajue kwamba ana kinanda. Lakini aliona haya. Hakutaka waone kwamba anakaa katika nyumba ya udongo. Basi walifanyaje? Walikibeba kile kinanda kizito, wakakitoa nje mpaka uwanjani, mbali na nyumba. Familia ikasimama kukizunguka, picha ikapigwa. Kisha wakakibeba tena, wakakirudisha ndani ya nyumba ile ile ya udongo.

Naona mnacheka. Hata mimi nilicheka niliposikia habari hiyo mara ya kwanza. Lakini kicheko changu hakikudumu, kwa maana nilikumbuka picha moja iliyo katika sanduku langu la bati.

Mwaka 1959 nilikuwa mvulana, nami nilikuwa nimefaulu kuingia shule ya bweni. Katika kijiji chetu, karibu na soko, hilo lilikuwa jambo kubwa. Baba akamwita mpiga picha kutoka mjini. Alikuja kwa baiskeli, sanduku lake limefungwa nyuma, na kile kitambaa cheusi alichojifunika kichwani kiliwafanya watoto wakimbie. Baba aliazima koti la mwalimu. Kiti kizuri kilitolewa kwa jirani. Mjomba alinivalisha saa yake ya mkono, nami nikakunja mkono wa shati ili saa ionekane. Naam, wapendwa, hicho ndicho kilichokuwa kinanda changu!

Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa amekaa penye mlango wa jikoni. Yeye ndiye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa. Kila alfajiri nilimsikia akiniombea kwa jina. Lakini hakuwa na viatu. Leso yake ilikuwa imepauka. Masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa kwa desturi ya zamani, yakining'inia. Nami niliwaza jinsi nitakavyowaonyesha wenzangu wa bweni picha ile, na jinsi watakavyocheka.

Nikamwendea, nikamwambia, “Nyanya, mbuzi wanaingia katika mahindi. Hebu nenda ukawatazame.”

Hapakuwa na mbuzi mahindini. Nyanya alinitazama kidogo, akachukua fimbo yake, akaenda. Aliporudi, mpiga picha alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake. Akaniuliza, “Mjukuu wangu, picha imetoka vizuri?” Nikajibu ndiyo. Akasema, “Mungu ashukuriwe.” Mpaka leo sijui kama alijua.

Nyanya alifariki mwaka 1964. Watu walipokuja kuomboleza, mmoja aliomba kuona picha yake. Tulitafuta kila mahali. Haikuwako hata moja. Iliyokuwako ni ile ya mwaka 1959, yenye baba katika koti la kuazima, na mimi na saa ya mjomba. Lakini ukiitazama sana picha hiyo, utaona kwamba uwanja umefagiwa vizuri, na mistari ya ufagio inaonekana wazi mbele ya miguu yetu. Aliyeamka mapema kuufagia uwanja huo alikuwa yeye.

Wapendwa, sasa tufungue Biblia. Katika 1 Samweli 16 twasoma kwamba Mungu alimtuma Samweli Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, ili ampake mafuta mmoja wa wanawe awe mfalme. Yese akawapanga wanawe kama mtu anayejitayarisha kupigwa picha. Wa kwanza alikuwa mrefu na wa sura nzuri, hata nabii mwenyewe akadhani ndiye. Lakini Bwana alimwonya Samweli asitazame sura wala urefu, kwa kuwa mwanadamu hutazama ya nje, bali yeye hutazama moyo. Vijana 7 wakapita, na hakuna aliyechaguliwa. Ndipo Samweli akauliza kama vijana wote wako hapo. Yese akakumbuka kwamba amebaki mmoja, mdogo wao, naye yuko malishoni na kondoo.

Je, mwaona? Daudi alikuwa ameachwa nje ya picha. Alikuwa ametumwa kutazama mifugo! Na Samweli akasema kwamba hawataketi mpaka huyo aliyeachwa aletwe. Karamu nzima ilisimama ikimngojea mtu ambaye jamaa yake haikuona haja ya kumwita.

Sasa tazameni Mathayo sura ya 1. Sura hii wengi tunairuka, kwa sababu ni majina tu, fulani akamzaa fulani. Lakini hii ndiyo picha ya jamaa ya Bwana wetu Yesu. Kama ingekuwa ni mimi naipanga, ningechagua wenye sifa peke yao. Roho Mtakatifu hakupanga hivyo. Yuko Tamari, ambaye habari yake hatupendi kuisoma mbele ya watoto. Yuko Rahabu, kahaba wa Yeriko. Yuko Ruthu, mgeni kutoka Moabu, mjane aliyeokota masazo shambani. Na yuko mama yake Sulemani, akitajwa kuwa ni yeye aliyekuwa mke wa Uria, ili dhambi ya mfalme Daudi isifichwe. Mungu hakutoa kinanda uwanjani ili nyumba ya udongo isionekane. Aliionyesha nyumba yenyewe, na humo ndimo alimozaliwa Mwokozi.

Ndugu zangu, hapa ndipo pana tumaini letu. Kama Kristo angekuwa anaona haya kwa ajili ya jamaa yake, mimi na wewe tungekuwa wapi? Waebrania 2:11 yatufundisha kwamba yeye haoni haya kutuita ndugu zake. Atujua miguu yetu bila viatu. Aijua nyumba yetu inayovuja. Bado asema, Njoo usimame karibu nami.

Basi nakuuliza, ewe msikilizaji, ni nani unayemtuma kutazama mbuzi? Mchungaji anapokuja nyumbani, ni nani anayeambiwa akae jikoni? Je, ni mtoto mwenye kifafa? Je, ni binti aliyezalia nyumbani? Je, ni kaka aliyeharibiwa na pombe, au mzee ambaye sasa husahau maneno na kuuliza jambo moja mara 10? Katika siku hizi karibu kila kijana ana simu ya kupiga picha, na picha hupigwa mchana kutwa. Lakini mtu aweza kupiga picha 100 siku ya Krismasi, na mama yake aliyepika tangu alfajiri asiwe katika hata moja.

Na kama wewe ndiwe uliyeachwa nje, sikiliza neno hili. Katika Isaya 49 watu wa Sayuni walilalamika kwamba Bwana amewasahau. Bwana akawajibu kwamba hata mama akiweza kumsahau mtoto anyonyaye, yeye hatawasahau, kwa maana amewachora katika viganja vyake. Viganja hivyo twavijua. Vilitobolewa kwa misumari pale Kalvari. Picha ya karatasi hufifia, huliwa na mchwa, huungua na moto. Iliyo katika viganja vya Bwana haifutiki.

Mimi siwezi tena kumwomba nyanya yangu msamaha. Nimemwomba Mungu, nami naamini amenisamehe. Lakini msamaha wa Mungu haukunifanya ninyamaze. Ulinipa ujasiri wa kusema kweli. Niliwaita wajukuu zangu, nikaifungua ile picha ya mwaka 1959, nikawasimulia mambo yote kama nilivyowasimulia ninyi leo. Kisha nikaigeuza, nikaandika nyuma yake kwa kalamu jina la nyanya, na chini ya jina nikaandika: Yeye ndiye aliyefagia uwanja huu. Mjukuu wangu mdogo akauliza, “Mbona yeye haonekani?” Nikamjibu, “Kwa sababu niliona haya. Wewe usifanye hivyo.”

Wewe huenda bado unaye wako. Usingoje matanga. Leo hii, kabla jua halijatua, nenda jikoni, mshike mkono, mlete aketi mahali pa mbele.

Tuombe. Ee Baba yetu wa mbinguni, twakushukuru kwa kuwa wewe hukutuonea haya. Utusamehe sisi tuliowaficha wale uliotupa kuwa wetu. Uwatie nguvu wale walioachwa nje, wajue kwamba umewaandika katika viganja vyako. Utufundishe kutazama moyo kama wewe utazamavyo, mpaka siku ile tutakapokusanyika mbele zako, jamaa nzima, pasipo hata mmoja aliyetumwa kando. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.