MBWA MREFU NA KARATASI NILIYOIPUUZA

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya mgongo wa mbwa. Najua wapo watakaoguna. "Binadamu wenyewe tunaumwa migongo kwa kubanana kwenye daladala na kukaa ofisini kutwa, huyu bwana anatuletea habari za mbwa!" Mguno huo nausikia kutoka hapa nilipokaa. Miaka miwili iliyopita ningeguna pamoja nawe. Lakini nivumilie kidogo, maana jambo lenyewe lilinikuta nyumbani kwangu, na kosa lilikuwa langu.

Mbwa huyo nilimrithi. Jirani yetu mmoja Mjerumani alimaliza mkataba wake wa kazi hapa Dar es Salaam, na alipofunga virago alituachia mbwa wake wa miaka 4, aina ya dachshund. Bila shaka umewahi kumwona mbwa wa namna hiyo: mwili mrefu, miguu mifupi, kifua karibu kinafagia sakafu. Karatasini jina lake lilikuwa Waldi. Watoto wa mtaa walimtazama mara moja tu, wakakumbuka yale mabasi marefu ya Barabara ya Morogoro, wakamwita Mwendokasi. Jina likashika hadi leo.

Yule jirani aliniachia pia karatasi ya maagizo. Ilikuwa na mambo matatu: mbwa asiruke kutoka juu ya viti, asiachwe anenepe, na abebwe kwa mikono miwili. Niliisoma, nikacheka, nikaitia kwenye droo. Nilisema moyoni, wazungu na mbwa wao bwana! Mbwa ni mbwa.

Basi Mwendokasi akaanza maisha mapya. Kochi likawa lake, anapanda na kuruka apendavyo. Chakula kilikuwa kila kilichobaki mezani: ugali, chapati, mafuta ya nyama. Watoto walimnyanyua kwa kumshika makwapa, miguu ya nyuma inaning'inia. Baada ya mwaka mmoja tumbo lilikuwa limeshuka, na sisi tukajisifu kwamba mbwa amependeza.

Jioni moja mtu aligonga geti. Mwendokasi akaruka kutoka kochini kwa kasi, akalia mara moja, akanyamaza. Asubuhi nilimkuta kajikunyata pembeni, anatetemeka, mgongo kaupinda kama upinde. Hakutaka kula. Binti yangu wa miaka 11 akaniuliza, "Baba, Mwendokasi ana nini?" Nikamjibu kwamba amechoka tu, watamtembeza jioni achangamke. Siku ya tatu miguu ya nyuma ilikuwa imekufa. Alikuwa akijivuta kwa miguu ya mbele, nyayo za nyuma zimegeuka juu chini. Binti yangu alinitazama akasema, "Baba, si ulisema amechoka tu?"

Msikilizaji, nimesomewa mashtaka mengi katika kazi hii ya utangazaji. Hakuna lililonichoma kama lile.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo. Alimpapasa mgongo, kisha akachukua koleo dogo, akambana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Tulisimama kimya. Mwendokasi akageuza kichwa, akalia. Daktari akashusha pumzi, akasema, "Hiyo ni habari njema, mzee." Alinieleza kwamba mbwa anayehisi maumivu makali miguuni bado ana matumaini makubwa ya kutembea tena. Asiyehisi kitu, hata akifanyiwa upasuaji mapema, bahati yake ni kama nusu kwa nusu.

Sasa nikueleze alivyonieleza. Jina la mbwa hawa ni la Kijerumani: Dachs ni mnyama wa mashimoni wa Ulaya, jamaa ya nyegere wetu, na Hund ni mbwa. Wawindaji wa Ujerumani walichagua mbwa wenye miguu mifupi, kizazi baada ya kizazi, ili waweze kuingia shimoni kumfuata mnyama huyo. Lakini chembe za urithi zinazofupisha miguu zina deni lake. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza kwamba moja ya chembe hizo ndiyo hiyo hiyo inayoharibu mgongo.

Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kitu kama mto mdogo, laini katikati, kinachopunguza mishtuko. Kwa mbwa wengi mto huo huanza kuchakaa uzeeni. Kwa dachshund huanza akiwa hajatimiza hata miaka miwili. Ute wa katikati hukauka, ukawa mgumu kama chokaa. Siku moja mto unapasuka, kile kigumu kinachomoka na kugonga mishipa ya fahamu inayopita juu yake. Hapo ndipo miguu inapokufa. Mara nyingi huwapata wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 7. Wataalamu wanakadiria kwamba katika kila dachshund wanne au watano, mmoja atapatwa.

Kwa hiyo kuruka kutoka kochini hakukuumba ugonjwa, ugonjwa ulikuwemo. Wala hakuna kinga kamili. Lakini mwenye mbwa anaweza kuupunguzia nguvu, na haya ndiyo ninayotaka uyachukue.

Kwanza, uzito. Pitisha vidole mbavuni mwa mbwa wako. Usipozihisi mbavu, amenenepa. Kila kilo ya ziada inabebwa na mgongo huo huo mrefu. Pima chakula kwa kikombe, na wageni wakatazwe kumrushia mifupa na mafuta.

Pili, kumbeba. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa kama ubao. Wafundishe watoto hivyo siku ya kwanza.

Tatu, viti na sakafu. Ama mzuie asipande, ama mwekee ubao wa mteremko wenye zulia apande na kushuka kwa miguu yake. Nyumba zetu za siku hizi zina vigae vinavyoteleza. Tandika mikeka au mazulia pale anapopenda kukimbia.

Nne, mazoezi. Wengine wakisikia mgongo ni dhaifu humfungia mbwa kutwa. Hilo ni kosa. Misuli ya mgongo na tumbo ndiyo inayoushikilia uti wa mgongo, na misuli hujengwa kwa kutembea kila siku. Umtembeze kwa mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni, maana hata pingili za shingo zinaweza kupatwa.

Tano, dalili. Akitetemeka, akipinda mgongo, akikataa kupanda anapopanda kila siku, akilia unapomnyanyua, au akiburuza nyayo, usingoje kesho. Mweke kwenye boksi au kizimba kidogo asitembee, umbebe akiwa amelala sawa hadi kwa daktari. Na nakuomba sana, usimpe vidonge vyako vya maumivu. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Tena kidonge hicho kinaweza kumzuia daktari asimpe dawa inayofaa, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hazichanganywi.

Sita, kwa wale wanaozalisha mbwa hawa kwa biashara. Mbwa aliyewahi kupooza asizalishwe. Katika nchi za Skandinavia mbwa hupigwa picha ya eksirei ya mgongo kati ya umri wa miaka 2 na 4, ili wenye mito iliyogeuka chokaa kwa wingi wasipewe nafasi ya kuzaa. Anayejisifu kwamba watoto wa mbwa wake ni warefu kupita wote, ajue anauza maradhi pamoja na mbwa.

Mwaka 1972, Michezo ya Olimpiki ya Munich ilikuwa na alama yake rasmi, dachshund wa rangi nyingi aitwaye Waldi. Hata njia ya mbio za marathoni ilichorwa kwa umbo la mwili wake. Katika michezo hiyo hiyo John Akii-Bua wa Uganda aliruka viunzi vya mita 400, akapata dhahabu na rekodi ya dunia. Akii-Bua alikuwa na miguu ya kurukia. Waldi tulimnyima sisi binadamu kwa matakwa yetu wenyewe, na ndiyo maana nasema dhima ni yetu.

Na Mwendokasi je? Mjomba wangu alishauri achomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja. "Mbwa wa nini huyo, mwanangu?" aliniuliza. Sikumjibu. Fundi seremala akatutengenezea kizimba, akakaa humo majuma sita, akitolewa kwa haja tu. Siku za mwanzo hata mkojo haukutoka wenyewe. Daktari alimfundisha mke wangu kumkamua kibofu, naye akafanya hivyo mara nne kwa siku bila kulalamika. Juma la tatu mkia ulitikisika. Juma la tano alisimama, akaanguka, akasimama tena. Binti yangu alinikimbilia kunieleza. Nilikwenda, nikajifanya kumtazama mbwa ili mtoto asinione macho.

Leo anatembea. Nyuma anayumba kidogo, na kochi amelisahau. Ile karatasi ya jirani niliitoa kwenye droo, ipo ukutani jikoni, na binti yangu ameongeza jambo la nne kwa mwandiko wake: "Akiumwa, msiseme amechoka."

Msikilizaji, ukipewa kiumbe, pokea na maelezo yake. Hadi juma lijalo, kwaheri.