Tukate Wapi? Kuamua Kingo za Picha ya Ndege



Mada niliyopewa inahusu namna ya kuamua tukate wapi tunapopunguza kingo za picha ya ndege. Wengi wetu tumefundishwa kanuni ya theluthi: gawa fremu kwa mistari miwili ya wima na miwili ya ulalo, kisha weka jicho la ndege pale mistari inapokutana. Kanuni hiyo inafaa, na programu nyingi za kuhariri huichora zenyewe juu ya picha mara tu unaposhika zana ya kukatia. Kasoro yake ni kwamba tunaikimbilia mapema mno. Kabla ya mistari hiyo kuna swali: ndege huyu alikuwa anafanya nini? Asiyelijibu atakata kwa mazoea, na mazoea humdanganya mpiga picha hasa pale ndege anapofanya jambo la pekee.

Tumchukue mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe, yule anayeonekana Ziwa Victoria na kwenye mito na mabwawa mengi ya kwetu. Huwinda kwa kuelea hewani: mabawa yanapiga kwa kasi, kichwa kimetulia tuli, mdomo umeelekea majini. Halafu hujitupa. Tunafundishwa kumwachia ndege nafasi mbele yake, na kwa kuwa ndege wengi tunaowapiga wanaruka kwenda kulia au kushoto, mkono huacha nafasi upande mmojawapo bila kufikiri. Lakini mdiria aliyeelea, mbele yake ni chini. Picha yake inataka fremu ya wima, ndege akae theluthi ya juu, na chini yake ibaki hewa, ikiwezekana hadi maji yenyewe yaonekane. Ukiiondoa hewa hiyo ili ndege awe mkubwa, unabaki na ndege aliyetandaza mabawa, na mtazamaji hawezi kujua kama anawinda, anatua au anapita njia.

Mdiria huyohuyo anatufundisha jambo jingine. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja, na mara nyingi umekatika katikati. Ukikata hadi kubaki kichwa na shingo, umefuta alama inayowatofautisha. Kwa picha ya kutundika ukutani huenda isiwe hasara. Kwa picha inayokwenda kwenye kumbukumbu za watazamaji wa ndege ni hasara kubwa, kwa hiyo huko tukate kidogo tu, tuache kifua, miguu, mkia na mazingira aliyokutwa.

Kuhusu viungo vya mwili msimamo wangu ni mkali: kiungo kikatwe waziwazi au kisiguswe. Ukingo unaopita kwenye ncha ya bawa au kwenye vidole huonekana umeteleza. Ikiwa ncha ya bawa ilikwisha kutoka nje ya fremu wakati wa kupiga, usihangaike kuacha robo tatu ya bawa. Ingia ndani zaidi, picha iwe ya kichwa na kifua, mtu aone kwamba umekusudia. Kuna ndege wasiostahili kukatwa miguu hata kidogo. Ndege karani hutembea nyikani akiwinda, na huua nyoka na mijusi kwa kuwakanyaga kwa nguvu. Picha yake iliyoishia juu ya magoti imeacha nje silaha yake, na macho yasiyozoea yatamdhania tai wa kawaida.

Heroe wa Ziwa Natron au Bogoria wana ugumu wao. Heroe hula akiwa ameinamisha kichwa, mdomo umepinduka juu chini ndani ya maji. Kwa hiyo mstari wa maji ni sehemu ya kitendo, na kivuli chake majini pia. Kivuli hicho kionekane chote hadi kichwani, au kikatwe karibu kabisa na miguu. Nusunusu huvuruga macho. Kundi kubwa likipigwa, napendelea liendelee hadi nje ya ukingo mmoja, kwa sababu hapo mtazamaji huhisi wingi. Ukilizungushia maji matupu pande zote nne, kundi linapungua. Na mlima Ol Doinyo Lengai ukiwa nyuma yao, tafadhali usiukate. Heroe bila mlima huo anaweza kuwa wa popote. Akiwa nao, ni wa Natron.

Sasa hesabu, kwa maana hapo ndipo matamanio hukutana na ukweli. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na 3000 kwa 2000, yaani robo ya picha: megapikseli 6. Hizo bado zinachapika vizuri kwenye karatasi ya A4. Ukibakiza theluthi kwa theluthi, zinabaki kama megapikseli 2.7, zinazotosha skrini lakini chache kwa ukurasa mzima wa jarida. Chembechembe za mwanga hafifu nazo hukua pamoja na ndege. Nyoosha kwanza mstari wa maji kabla ya kukata, maana kuzungusha picha nako hula kingo.

Wapo wanaosema mpiga picha hodari hakati. Humtaja Henri Cartier-Bresson, ambaye kweli hakupenda picha zake zikatwe. Hata hivyo picha yake maarufu ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha Saint-Lazare, Paris, mwaka 1932, ilikatwa, kwa sababu aliipiga kupitia upenyo wa uzio, na sehemu ya uzio ikaziba upande mmoja. Ndege hawatupi nafasi ya kupanga kama binadamu wanavyotupa. Kukata hakuna aibu.

Katika zoezi la mchana naomba kila mshiriki achague picha moja, aandike sentensi moja ya kile ndege alichokuwa anafanya, ndipo afungue zana ya kukatia. Faili asilia lisiguswe. Fanyeni kazi kwenye nakala, ili mwenzako asipokubaliana na kingo zako muweze kurudi pamoja mwanzo na kujadiliana.