SKULI NI YA NANI? MAZUNGUMZO JUU YA UONGOZI, FEDHA NA MATOKEO YA SKULI ZA WILAYA YA SAME

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa hapa ili wale ambao hawakuwahi kuyasikia wapate kuyasoma.

Mada yangu ni namna skuli za umma za wilaya moja zinavyoongozwa, zinavyopata fedha na zinavyopimwa. Nimechagua Wilaya ya Same, katika Mkoa wa Kilimanjaro, na huenda mtu akauliza: sisi watu wa visiwani tunatafuta nini milimani?

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, na Zanzibar ina wizara yake na sheria zake. Hata hivyo, mwaka 2017 Serikali ya Mapinduzi ilianza kukabidhi skuli za maandalizi na msingi kwa serikali za mitaa. Wenzetu wa Bara wameipita njia hiyo kwa muda mrefu zaidi, wakajikwaa na wakainuka. Asiyekuwapo na lake halipo. Lakini anayetazama safari ya mwenzake hupata lake bila ya kujikwaa. Pili, kijiji cha juu mlimani ni kama kisiwa kidogo. Yanayoisibu skuli ya Kojani au ya Fundo hayako mbali na yale yanayoisibu skuli iliyoko Vunta au Chome.

WILAYA YENYEWE

Wilaya ya Same imechukua sehemu ya kusini ya Milima ya Upare. Katika sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na watu 269,807. Ina tarafa sita: Same, Mwembe-Mbaga, Chome-Suji, Mamba-Vunta, Gonja na Ndungu. Kilele chake kirefu, Shengena, kinafikia mita 2,462. Huko juu kuna mvua, misitu, kahawa na tangawizi. Chini, upande wa magharibi, ni nyika kavu yenye wafugaji na wakulima wanaoitegemea mvua isiyotabirika. Kwa hiyo halmashauri moja inaziongoza skuli za aina mbili: zile za milimani, ambako vijana wengi huhama kutafuta maisha mijini, na zile za tambarare, ambako mtoto hutembea mbali na mwaka wa ukame huja shuleni na njaa.

Skuli si jambo geni katika nchi hiyo. Wamisionari wa Kisabato kutoka Ujerumani walifika Giti mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig nao walifungua vituo vyao Upare katika miaka ile ile. Aidha, Wapare wana desturi ya kazi ya pamoja iitwayo msaragambo. Ikitangazwa, kila kaya hutoa mtu. Kwa msaragambo watu wamechimba mifereji, wamejenga ndiva za kuhifadhia maji ya kumwagilia, wamefungua barabara na wamebeba mawe na mchanga wa kujengea madarasa.

Ndugu Wananchi,

Naomba tuikumbuke ndiva, kwa sababu kanuni yake ni nyepesi na inatufaa. Anayeshiriki kuizibua na kusafisha mfereji wake ana zamu yake ya maji, na zamu hiyo inajulikana na wote. Kazi na haki vinakwenda pamoja.

Kanuni hiyo ilipovunjwa, watu walisimama. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilileta kodi ya makadirio ikaiita mbiru, jina la ushuru wa kale wa watawala wa Upare. Kila mtu alikadiriwa mali yake peke yake, na kipimo kilichotumika hakikueleweka. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya watu waliacha vijiji vyao, wakateremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameieleza habari hiyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1971. La kuzingatia ni kwamba watu hawakukataa kodi yote. Walichokataa ni kutozwa kwa hesabu wasiyoonyeshwa. Hatimaye mbiru iliondolewa.

UONGOZI

Baada ya Uhuru, halmashauri za wilaya ndizo zilizokuwa na dhamana ya skuli za msingi. Mwaka 1972 halmashauri hizo zilifutwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na uamuzi ukahamia kwa watumishi wa Serikali Kuu. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Baadaye, kufikia mwaka 2009, skuli za sekondari za Serikali nazo zilikabidhiwa kwa halmashauri.

Leo skuli moja ya Same ina wakubwa wengi. Wizara ya Elimu inatunga sera na mitaala na kudhibiti ubora. TAMISEMI inasimamia uendeshaji na kuwapanga walimu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inashughulikia utumishi na nidhamu yao. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ana maofisa elimu wawili, mmoja wa msingi na mmoja wa sekondari, na katika kila kata yupo Afisa Elimu Kata. Madiwani hupokea taarifa katika vikao vyao. Chini kabisa ipo Kamati ya Skuli, yenye wazazi na walimu. Na kwa sekondari ipo Bodi.

Katika mlolongo huo, anayeliona paa linalovuja kila siku ni Kamati ya Skuli. Lakini Kamati haiajiri mwalimu, haimhamishi, na haipangi kiwango cha ruzuku. Uwezo wake mkubwa uliobaki ni kuuliza: fedha kiasi gani zimeingia, na zimefanya nini? Kamati isiyouliza swali hilo imebaki jina tu.

FEDHA

Ada ya skuli za msingi Bara ilifutwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma likataka kila mtoto aingie darasani. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, ada na michango ilirudi. Mwaka 2001 ada ikafutwa tena, na kuanzia mwaka 2002 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kwa jina la MMEM, ukaweka ruzuku ya Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Hapa kwetu elimu bure ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, kwa hiyo sote tunazijua neema na mizigo ya tamko hilo.

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikitozwa kila mtu mzima, ilifutwa Bara. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kuanzia hapo halmashauri zikazidi kuitegemea Hazina. Mishahara ya walimu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gharama, inatoka huko huko.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima hadi Kidato cha Nne, kuanzia Januari 2016. Ruzuku ya msingi ilibaki Sh. 10,000. Kati ya hizo, Sh. 4,000 zilitengwa kwa vitabu, na Sh. 6,000 zikapelekwa moja kwa moja katika akaunti ya skuli. Hatua hii ilikuwa ya maana, kwa sababu fedha zilipita vituo vichache. Hata hivyo, zile Sh. 10,000 za mwaka 2002 zilikuwa na thamani ya dola kumi hivi. Mwaka 2016 hazikufikia dola tano.

Sasa tufanye hesabu. Chukua skuli ya tambarare yenye wanafunzi 900. Kwa kiwango cha Sh. 6,000 itapata Sh. 5,400,000 kwa mwaka, yaani Sh. 450,000 kwa mwezi. Chukua skuli ya mlimani yenye wanafunzi 150. Itapata Sh. 900,000 kwa mwaka, yaani Sh. 75,000 kwa mwezi. Zote mbili zina madarasa saba ya kufundisha, zote zina Mwalimu Mkuu anayeteremka mjini kwa shughuli za kazi, na zote zina paa. Bati halipungui bei kwa sababu wanafunzi ni wachache, na kulipandisha mlimani ni gharama nyingine. Ruzuku ya kuhesabu vichwa inaonekana ni ya haki kwa kila mtoto, lakini inaielemea skuli ndogo.

Zamani pengo hilo lilizibwa kwa msaragambo na michango. Baada ya mwaka 2016 wazazi wengi walielewa kwamba skuli sasa ni ya Serikali peke yake, ingawa sare, madaftari na chakula vilibaki kuwa wajibu wao. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza walimu kukusanya michango. Anayetaka kutoa kwa hiari alielekezwa kwa Mkurugenzi. Katazo lilikuwa na sababu, kwani katika sehemu nyingi watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, na hilo halikubaliki. Lakini mzazi alipoacha kuchangia, mara nyingi aliacha na kuuliza. Hapo ndipo hasara ilipo.

MATOKEO

Mkoa wa Kilimanjaro umesifika kwa muda mrefu kwa kuthamini elimu. Sifa hiyo isitufumbe macho. Wastani wa wilaya unaweza kuificha skuli ya tambarare ambayo watoto wake hushinda na njaa, na skuli ya mlimani ambayo mwalimu wa hisabati amehama na mwingine hajaletwa.

Skuli za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi, idadi ya sekondari Bara ilipanda kutoka 1,745 mwaka 2005 hadi 4,266 mwaka 2010. Walimu, maabara na vitabu havikuweza kwenda kwa mwendo huo. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata daraja sifuri, na matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ukaziweka skuli katika rangi: kijani, njano na nyekundu. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza orodha ya skuli bora.

Nadhani uamuzi huo wa mwisho una mantiki, hasa kwa skuli ndogo. Skuli yenye watahiniwa 12, mmoja akishindwa, kiwango cha kufaulu kinashuka kwa zaidi ya asilimia nane. Mwaka huu itasifiwa, mwakani italaumiwa, na walimu ni wale wale.

HITIMISHO

Ndugu Watumishi na Ndugu Wananchi,

Kwa maoni yangu, tunayoweza kuyachukua kutoka Same ni haya:

(a) Kila ruzuku inapoingia, kiasi chake na matumizi yake yabandikwe mahali ambapo mzazi yeyote atayasoma.

(b) Skuli ndogo ipewe kwanza kiwango cha chini cha kuiendesha, ndipo vichwa vihesabiwe.

(c) Matokeo ya skuli ndogo yatolewe kwa miaka mitatu pamoja, na idadi ya watahiniwa itajwe.

(d) Wajumbe wa Kamati ya Skuli wafundishwe kusoma hesabu, na wasiogope kuuliza.

(e) Mtoto asiadhibiwe kwa mchango ambao mzazi wake hakuutoa.

Watu waliopiga kambi Same mwaka 1945 walitaka kuonyeshwa hesabu. Skuli inayojengwa kwa kodi zetu na kwa mikono yetu ni yetu, na mwenye mali haoni haya kuulizia mali yake. Mtumishi anayeulizwa naye asione amedharauliwa. Ajue kwamba skuli yake bado ina wenyewe.