Daraja Letu la Kijitoni Linabeba Tani Ngapi?

Maelezo ya Kamati ya Daraja mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama



Swali mlilo nalo tunalijua, maana wengi mmeshatuuliza njiani. Nani aliyeweka magogo kuziba daraja, hata Costa iliyoleta msiba mwezi wa kumi ikasimama ng'ambo na marehemu akabebwa mabegani mpaka nyumbani? Ni sisi. Familia ile tulikwenda kuiomba radhi, na leo tunaiomba tena mbele yenu. Lakini magogo hatujayaondoa, na tunaomba mtusikilize kwa nini.

Daraja lile ni la kwetu wenyewe. TARURA inahudumia barabara zilizomo katika mtandao wake, na njia ile ni ya vihamba tu. Wazee wenye vihamba ng'ambo ya kijito walikata mikaratusi minne, kila gogo na upana wa sentimita 30, wakayalaza juu ya kingo za mawe, mita 6 toka ukingo mmoja hadi wa pili, wakapigilia mbao. Walilijenga kwa ajili ya watu, ng'ombe na pikapu ya kahawa. Linabeba kiasi gani, hakuna aliyeandika popote. Tangu hapo kipimo chetu kimekuwa kimoja: mbona Fuso ya mchanga ilipita juzi?

Tulimwita kijana wetu mmoja ambaye ni mhandisi. Alikuja na futikamba, nyundo, bisibisi na uzi wa fundi. Tulitegemea atatazama na kusema neno. Badala yake akavua viatu, akaingia kijitoni, akakaa chini ya daraja asubuhi nzima.

Akagonga kila gogo. Gogo zima linajibu kwa mlio wa wazi. Bovu ni kama unapiga gunia la pumba. Kisha akachoma bisibisi. Upande wa chini iligoma. Upande wa juu, chini ya mbao, iliingia kama kwenye ndizi iliyoiva. Alipoondoa sehemu iliyooza na kupima upya, gogo la sentimita 30 lilibaki na sentimita 24 za mti mzima. Mmoja wetu akasema, basi tumepoteza moja ya tano tu. Hapo ndipo tulipofundishwa. Nguvu ya gogo hailingani na unene wake moja kwa moja. Likipungua unene kwa moja ya tano, nguvu ya kubeba inapungua karibu nusu.

Jambo la pili lilituuma zaidi, kwa sababu tulilifanya kwa mikono yetu. Mnakumbuka tulipiga msaragambo, tukamwaga kifusi juu ya mbao ili magari yasiteleze wakati wa mvua, na tukapongezana. Mhandisi akapima: urefu mita 6, upana mita 3, kina sentimita 20. Hizo ni mita za ujazo 3.6, na uzito wake ni zaidi ya tani 6. Daraja lilikuwa limebeba mzigo wa lori usiku na mchana, kabla hata kuku hajavuka. Na kifusi kile kile ndicho kilichoshika unyevu na kuozesha magogo. Kwa hesabu yake, karibu nguvu yote ya usalama iliyobaki ilikuwa inaliwa na udongo wetu.

Mzee mmoja akauliza, na swali lake ni la haki: sasa zile Fuso zilipitaje? Fuso iliyojaa mchanga inaweza kufika tani 15, na sehemu kubwa ya uzito huo inakaa kwenye ekseli ya nyuma. Jibu ni kwamba mti una akiba. Hauvunjiki siku unapopita kiwango cha salama. Magari yale yalipita kwa kula akiba, na kuoza nako kukawa kunaila kwa upande wake. Dereva aliyevuka salama alitueleza habari za siku ile tu.

Kuhusu uzi: aliuvuta chini ya magogo, akapitisha pikapu yake tupu, polepole. Magogo mawili yalishuka waziwazi, mawili hayakushughulika. Kwa hiyo hata kusema "yako manne" ni kujidanganya. Mzigo wanaubeba wawili.

Kifusi tumeshakiondoa. Sasa tumeruhusu gari moja moja, mwendo wa mtu anayetembea, uzito wote usizidi tani 3. Noah yenye watu inapita. Gari la wagonjwa linapita, mradi ndugu wote wasipande humo. Costa haipiti. Canter haipiti, hata dereva akiapa kuwa ni tupu, kwa sababu tupu ya kwenda hurudi na ndizi. Tunajua wenzetu wa ng'ambo wanalipia mchanga mara mbili, lori kwanza kisha toroli, na hawana furaha nasi.

Kubadilisha magogo peke yake hakutoshi. Masika yamechimba chini ya ukingo wa upande wa juu. Fimbo ya mita moja inaingia yote. Madaraja madogo mengi huangushwa na maji yanayokula msingi, na huenda letu likatangulia kwa njia hiyo. Tunapendekeza daraja la mawe la upinde, kama yale ambayo TARURA imejenga Kigoma. Mawe tunayo, mafundi wa mawe tunao, na msaragambo upo. Tusichokuwa nacho ni saruji, mbao za kushikilia upinde mpaka ukauke, na malipo ya mhandisi aliyesajiliwa atakayechora, kusimamia msingi na kuandika tani kwenye nguzo. Wapo wanaosema fungu la mhandisi lifutwe tununue saruji zaidi. Kamati tumekataa. Daraja la kwanza tulilijenga bila hesabu, na mnaona tulipo.

Makisio mmegawiwa. Daftari la ahadi liko kwa mweka hazina, meza ya kulia. Mfuko mmoja wa saruji unapokelewa kama ilivyo ishirini. Na ndugu yetu anayejenga ng'ambo, lori lako la mchanga likifika jioni hii, limwage upande wa huku. Vijana wa toroli tumeshawaambia.