Barua ya deni na rufani ya Paulo

Masomo: Matendo 25:8-12; Luka 18:1-8; Luka 19:8

 

Mama mmoja wa kanisa alikuja kwenye redio akilia. Binti yake anaishi Ulaya na watoto watatu. Serikali ya kule humpa pesa ya watoto kila mwezi. Sasa ofisi imemwandikia barua: ulipewa kupita haki yako, rudisha. Deni ni kubwa kuliko mshahara wake wa mwaka mzima. Binti ameficha barua chini ya nguo, hataki kuiona tena. Mama anaomba tufunge siku tatu, tuvunje roho ya madeni.

Mama, tutafunga. Lakini nakuambia kwa upendo: pamoja na maombi, mwambie binti aitoe barua ile chini ya nguo. Ofisi haioni machozi yake. Inahesabu siku tu, na siku zikipita bila jibu, itasema amekubali.

Tumwangalie Paulo. Alisimama mbele ya Festo, watu wakimshitaki mambo mengi wasiyoweza kuyahakikisha. Hakunyamaza akisema ni mapenzi ya Mungu. Hakukimbia. Alisema maneno mawili. La kwanza: kama nimekosa, sikatai adhabu. La pili: kama mashitaka haya si kweli, hakuna mtu wa kunitoa mikononi mwao, ninataka rufani kwa Kaisari. Shikeni yote mawili, wapendwa. Anayeshika la pili tu ni mbishi. Anayeshika la kwanza tu atalipa hata deni lisilo lake.

Sikieni mambo yaliyotokea Uholanzi. Kule, mzazi anayefanya kazi na kumpeleka mtoto kwenye nyumba ya kulelea watoto hulipiwa na serikali sehemu kubwa ya gharama, naye hulipa sehemu iliyobaki. Pesa hutolewa mbele, hesabu hufanywa nyuma. Ofisi ya kodi ndiyo iliyogawa pesa hizo, na kwa miaka mingi iliwatafuta wadanganyifu kwa ukali mno. Sahihi moja ikikosekana, au mzazi akishindwa kulipa kipande kidogo cha fungu lake, aliweza kudaiwa pesa ya mwaka mzima. Wengi walidaiwa makumi ya maelfu ya euro. Walioandikwa kwamba walikosa kwa kusudi walinyimwa hata nafasi ya kulipa kidogo kidogo kwa kadiri ya uwezo wao.

Wengi kati yao walikuwa watu wenye asili ya nchi nyingine. Mwaka 2020 mamlaka ya Uholanzi inayolinda habari za watu ilisema kwamba ofisi ile ilitumia uraia wa wazazi kwa njia ya ubaguzi. Watu walipoteza nyumba, ndoa zilivunjika. Watoto zaidi ya 1,000 wa familia zilizoumizwa waliondolewa kwa wazazi wao katika miaka ile. Na majirani walisema nini? Walisema: ni wezi, serikali haiwezi kukosea.

Lakini walikuwapo waliorudi kwa mwamuzi kama yule mjane wa Luka 18. Katika mji wa Eindhoven, mwaka 2014, familia karibu 300 zilikatiwa msaada kwa sababu zilitumia wakala mmoja wa malezi. Avoka Eva González Pérez alisimama pamoja nazo. Aliandika, akadai makaratasi, akaenda mahakamani, akarudi tena. Mwaka 2017 mtetezi wa raia alitoa ripoti kwamba wazazi hao walitendewa isivyo haki. Hata hivyo, mwaka 2019 wazazi walipopewa mafaili yao, walikuta kurasa zimepakwa weusi, hazisomeki. Walizidi kuuliza.

Oktoba 2019 mahakama ya juu ya mambo ya utawala iligeuza msimamo wake: kosa dogo lisimletee mzazi deni la pesa yote. Desemba 2020 bunge likapokea ripoti iliyosema kwamba wazazi walitendewa udhalimu usio na mfano. Tarehe 15 Januari 2021 serikali nzima ya Mark Rutte ilijiuzulu. Wazazi walioumizwa waliahidiwa euro 30,000 kila mmoja, na kazi ya kurekebisha ilikuwa bado inaendelea miaka mingi baadaye. Sikudanganyi kwamba haki ilikuja upesi. Ilichelewa sana. Ila ilikuja kwa wale waliojibu, na kwa ajili yao iliwafikia hata wale waliokuwa wamekata tamaa.

Sasa, binti yetu afanye nini?

Kwanza, afungue barua aisome yote, na aangalie siku za kupinga. Uholanzi ni wiki 6. Ufaransa, kwa pesa ya familia, ni miezi 2. Nchi nyingine zina hesabu yake. Kwa kawaida imeandikwa mwishoni mwa barua.

Pili, ajipime mbele ya Mungu kabla ya kubishana na watu. Je, mshahara ulipanda asiseme? Mtoto alihama nyumba? Aliolewa akanyamaza? Kama ni hivyo, Zakayo ametuonyesha njia: kukiri na kurudisha. Aseme kweli, na aombe kulipa kidogo kidogo, watoto wasilale njaa. Hakuna aibu katika kulipa deni la kweli.

Tatu, kama deni si la kweli, au si lote la kweli, ajibu kwa maandishi. Aulize: ni miezi gani, ni mtoto gani, ni sheria gani, hesabu imefanywaje? Aweke fotokopi ya kila karatasi na ushuhuda wa siku aliyoituma. Akikataliwa, apande kwa mwamuzi, kama Paulo alivyopanda kwa Kaisari.

Nne, asiende peke yake. Atafute avoka, au watu wa mji wanaosaidia maskini bila malipo, au ndugu wa kanisa anayejua lugha ya kule. Mtu aliye peke yake hutia sahihi kwa hofu.

Na sisi kanisa? Tusikimbilie kusema ni laana ya ukoo. Tusiseme pia ni mwizi kabla ya kujua. Hata hapa kwetu, mfanyakazi akiambiwa na mkubwa wake kwamba alilipwa zaidi kwa ajili ya watoto na atakatwa mshahara, neno lake ni lile lile: nionyeshe hesabu kwa maandishi.

Nina neno pia kwa ninyi mnaoketi nyuma ya meza katika maofisi. Ndani ya ofisi ile ya kodi alikuwamo mwanasheria, Sandra Palmen. Machi 2017 aliwaandikia wakubwa wake kwamba wamewakosea wazazi na wanapaswa kuwalipa. Karatasi yake iliwekwa kando. Ilikuwa kama tendo la Mordekai katika kitabu cha Esta: limeandikwa, limesahauliwa, hakuna aliyelisoma mpaka usiku ule mfalme alipokosa usingizi. Desemba 2024 mama huyo alipewa cheo serikalini, asimamie kazi ya kuwarekebishia wazazi. Ndugu, ukiona mnyonge anadaiwa asichokula, andika. Karatasi yako inaweza kulala miaka, lakini Mungu wetu halali.

Tuombe. Baba, mpe binti yetu moyo wa kufungua barua. Kama amekosa, mpe unyenyekevu wa kulipa. Kama hana kosa, mpe ujasiri wa mjane, asichoke kurudi. Uwalinde watoto wake. Nasi utufundishe kuomba magotini, kisha kusimama na kusindikiza aliyeonewa. Katika jina la Yesu, amina.