Kung'aa Si Kuwaka: Usafi na Matunzo ya Majiko ya Gesi katika Hoteli za Pwani

Mwenyekiti wa semina, wapishi, na ninyi wenzangu wa kuosha vyombo mliokaa nyuma kabisa. Niliombwa niandae mada hii kwa ajili ya wapishi wakuu, lakini wenye jiko hasa ni ninyi wa nyuma. Mpishi akishatoa sahani ya mwisho anavua aproni na kuondoka. Ninyi ndio mnaobaki na jiko likiwa bado na joto.

Nianze na jiko moja nililoitwa kulitengeneza katika hoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja. Lilikuwa limesuguliwa hadi nikaiona sura yangu ubavuni mwake. Juu yake zimening'inia sufuria, na kila moja kitako cheusi tii. Nikaambiwa gesi ya siku hizi imechakachuliwa. Nikauliza mtungi umebadilishwa mara ngapi. Mara tatu, wakasema, kwa wauzaji watatu, na masizi ni yale yale. Basi gesi haikuwa na kosa. Kule chini, mahali ambapo kitambaa hakifiki wala mgeni haoni, matundu ya kuingizia hewa yalikuwa yamezibwa na mafuta yaliyogandamana na unga wa chapati.

Gesi ya mtungini inahitaji hewa ili iungue. Hutoka kwa kasi kwenye pua ndogo ya shaba, ikavuta hewa njiani, vikachanganyika ndani ya shingo ya bana, ndipo vitokee kwenye vitundu na kushika moto. Hewa ikitosha, moto huwa wa buluu na husimama imara. Ikipungua, ncha zinageuka njano, moto unalegea, na kaboni isiyoungua inapanda kuwa masizi. Pamoja nayo huja kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo katika jiko lisilo na hewa ya kutosha inaua. Kwa hiyo ukiona sufuria imekuwa nyeusi juu ya gesi, usikimbilie kuisugua. Inama utazame bana.

Hapa niwatahadharishe ninyi wa pwani. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikipita motoni huwaka cheche za rangi ya chungwa. Cheche hizo huruka na kupotea, na sufuria haichafuki. Moto wa njano unaolegea na kuacha masizi ndio ugonjwa. Nimemwona fundi akifungua jiko zima kwa sababu ya chumvi, akalirudisha likiwa bovu kuliko alivyolikuta.

Bana ivuliwe ikiwa imepoa, iloweshwe kwenye maji ya moto yenye sabuni, na vitundu vizibuliwe kwa waya mwembamba. Usitumie kijiti cha meno; hukatikia ndani, na hapo umejiongezea kazi. Lakini waya huo huo usiuingize kwenye pua ya gesi. Shaba ni laini, tundu hupanuka, gesi inatoka nyingi kuliko hewa, na mmerudi kwenye masizi. Pua ikiziba, ipulizwe au ibadilishwe. Kisha bana ikauke kabisa kabla ya kurudishwa, kwa maana ile ya chuma cha kusubu ikirudishwa na maji huota kutu usiku mmoja. Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Povu likitoa mapovu yanayokua, funga mtungi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni, chini ya pua zetu.

Sasa huko kung'aa kwenyewe. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromu iliyomo. Ile inayopendwa jikoni ina kromu asilimia 18 hivi, na kromu hiyo hutengeneza utando mwembamba usioonekana. Klorini na chumvi huula utando huo, zikaacha vishimo vidogo. Stili waya nayo huacha chembe za chuma zinazoota kutu, halafu mnasema mmeuziwa stenlesi feki. Hoteli nyingi za pwani husafishia maji ya kisima yenye chumvi. Yatumieni mkilazimika, ila kitambaa cha mwisho kiwe cha maji baridi yasiyo na chumvi, kifuatwe na kikavu. Na anayechanganya klorini na siki ili "kuongeza nguvu" anatengeneza hewa ya sumu.

Bapa la kuchomea chapati na mayai lina tabia tofauti. Lipanguswe likiwa na joto la wastani, lisimwagiwe maji baridi likiwa limewaka, maana hupinda. Baada ya kukwangua ukoko, lipakwe mafuta kiduchu na kuwashwa hadi yafuke. Mafuta hugeuka utando mgumu unaozuia kutu na kunata. Ule weusi wake si uchafu, jamani. Wasimamizi wanaoamuru usuguliwe hadi chuma kionekane ndio wanaotuharibia bapa.

Vichujio vya moshi nitavitaja tu: vikijaa mafuta, moto mdogo wa kikaango hupanda hadi darini.

Kwa nini tuyaseme haya leo? Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Majiko ya gesi yanaingia shuleni na kwa mama lishe, mikononi mwa watu waliokulia kwenye kuni. Kwenye kuni sufuria nyeusi ni jambo la kawaida, haimshtui mtu. Mazoea hayo yanahamia kwenye gesi.

Nimekuja na bana tatu ndani ya ndoo ile: moja nzima, moja iliyoziba, na moja ambayo pua yake ilipanuliwa kwa waya. Tutaziwasha zote baada ya chai, nanyi wa kuosha vyombo mtaniambia ipi ni ipi. Wapishi watasubiri.